Namna ya Kupima Kitabu cha Historia ya Magharibi ya Marekani kwa Tukio Moja

Vitabu kuhusu kusonga kwa walowezi kuelekea Magharibi ya Marekani ni vingi kuliko umri wa msomaji, na vingi vimeandikwa kwa ufundi mkubwa. Ufundi huo ndio unaotaka tahadhari. Mwandishi anayejua kusimulia anaweza kukuvusha juu ya jambo zito usisimame kuuliza. Mimi hufundisha historia na huongoza kikundi cha wasomaji, na njia tunayoitumia haidai maktaba kubwa wala shahada. Tunachagua tukio moja, tunalijua kwa kusoma nyaraka za wakati ule, halafu tunalifanya jiwe la mizani kwa kila kitabu kinachotufikia. Simu yenye intaneti na daftari vinatosha.

Hatua ya 1: Lijue tukio moja hadi mizizi yake

Ninapendekeza Sand Creek, katika Jimbo la Colorado la leo. Alfajiri ya tarehe 29 Novemba 1864, Kanali John Chivington aliongoza askari wapatao 675 kushambulia kambi ya Wacheyenne na Waarapaho, makabila mawili ya wenyeji asilia wa Marekani. Mkuu wa kambi, Black Kettle, alikuwa amekutana na John Evans, gavana wa Colorado, karibu na Denver mwezi Septemba akitafuta amani, na watu wake waliamini kwamba wakikaa jirani na ngome ya Fort Lyon hawatadhuriwa. Bendera ya Marekani ilikuwa ikipepea juu ya hema lake. Wengi wa waliouawa walikuwa wanawake, watoto na wazee.

Nimelichagua tukio hili kwa sababu lilichunguzwa mapema, mashahidi walikula kiapo, na maandishi yake yapo mpaka leo. Anza na ripoti ya Chivington mwenyewe. Anadai kuua watu kati ya 400 na 500, na anamtaja Black Kettle miongoni mwa waliokufa. Black Kettle hakufa siku ile. Aliuawa miaka minne baadaye, Novemba 1868, askari wa George Custer walipoishambulia kambi yake kwenye mto Washita. Hapo tu umeshajifunza kwamba ripoti ya kijeshi, hata ikiandikwa siku ya tukio na kutiwa saini na kamanda, inahitaji kukaguliwa.

Kisha wasome waliompinga. Kapteni Silas Soule aliwazuia askari wa kikosi chake wasifyatue risasi, akamwandikia Meja Edward Wynkoop barua kueleza aliyoyaona, akatoa ushahidi mbele ya tume ya jeshi, na Aprili 1865 akauawa kwa risasi mjini Denver. Luteni Joseph Cramer naye aliandika barua yake. Bunge la Marekani lilifanya uchunguzi mwaka huohuo wa 1865 na kumlaumu Chivington kwa maneno makali, ingawa hakuhukumiwa na mahakama yoyote.

Mwisho, msikilize George Bent, mtoto wa mfanyabiashara Mzungu na mama Mcheyenne. Alikuwa kambini, akajeruhiwa, akapona, na uzeeni akayaandika aliyoyakumbuka katika barua nyingi alizomtumia mwandishi George Hyde. Kitabu kilichotokana na barua hizo kilichapishwa mwaka 1968. Usiruke sehemu hii. Bila Bent utakuwa umewasoma askari wema na askari wabaya, lakini watu wa kambini watabaki kimya.

Andika ukurasa mmoja wa muhtasari wako: nani, wapi, kwa nini, wangapi, na nani alisema nini. Kwenye idadi ya waliouawa utaona tofauti. Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani, inayotunza eneo hilo, hutaja watu wapatao 230, na wapo wanahistoria wanaotaja chini ya 200. Tofauti hiyo iandike kama ilivyo, usijilazimishe kuchagua upande.

Hatua ya 2: Anzia nyuma ya kitabu

Kabla hujasoma sura ya kwanza, fungua faharasa. Tafuta Sand Creek, Black Kettle, Soule na Bent, kisha nenda kwenye kurasa hizo tu ukiwa na muhtasari wako mkononi.

Tazama kwanza mwandishi analiitaje tukio. Akiliita mapigano, awe na hoja ya kulitetea jina hilo. Kwenye sanamu ya askari iliyosimamishwa Denver mwaka 1909, Sand Creek iliorodheshwa pamoja na vita walivyopigana askari wa Colorado, na uandishi huo uliendelea kurithiwa vitabuni. Kisha tazama idadi ya waliokufa imetoka wapi. Ukikuta ile ya Chivington imewekwa bila maelezo, umepata dalili ya kutosha kuhusu namna mwandishi anavyotumia vyanzo. Halafu hesabu ni nani wanaozungumza katika kurasa hizo: askari peke yao, au Wacheyenne nao wana majina na maneno?

Jambo la mwisho ndilo ninalolipa uzito kuliko yote: je, mwandishi anaeleza nini kilitangulia siku ile? Wapo wanaoliwasilisha shambulio kama kichaa cha mtu mmoja. Chivington anabebeshwa kila kitu, ukurasa unafunuliwa, na safari ya walowezi inaendelea kama kawaida. Maelezo ya namna hiyo yanaweza kuwa yamejaa huruma na bado yakaficha chanzo cha mambo.

Kama kitabu kinahusu Colorado au nyanda za kati katika miaka ya 1860 na tukio hili halimo kabisa, kirudishe rafuni.

Hatua ya 3: Tafuta mwaka wa chapa ya kwanza

Usiangalie jalada, angalia ukurasa wa hakimiliki. Vitabu vya zamani huchapishwa upya kwa majalada ya kuvutia, na msomaji hudhani ananunua utafiti wa juzi. Mabuku manne ya Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, kuhusu kutwaliwa kwa Magharibi yalitoka kati ya 1889 na 1896, na hata leo yanauzwa mapya kabisa.

Mwaka unakusaidia kujua mwandishi alikuwa akijibishana na nani. Julai 1893, mjini Chicago, mwanahistoria Frederick Jackson Turner alisoma makala iliyotawala somo hili kwa miongo mingi. Sensa ya 1890 ilikuwa imetangaza kwamba mstari wa mwisho wa makazi ya walowezi hauonekani tena kwenye ramani. Turner akadai kwamba kuwepo kwa ardhi ya bure na kusogea kwa walowezi kuelekea magharibi ndiko kulikounda demokrasia na tabia ya Mmarekani. Mstari huo aliueleza kuwa mahali ushenzi unapokutana na ustaarabu. Ukikutana na kitabu kinachozungumzia ardhi tupu na watu waliojitengeneza wenyewe, unamsikia Turner hata kama jina lake halikutajwa.

Mwaka 1970 Dee Brown, aliyekuwa mkutubi katika Chuo Kikuu cha Illinois, alitoa kitabu kilichosimulia miaka ya 1860 hadi 1890 kwa kufuata upande wa wenyeji asilia, akitumia kumbukumbu za mabaraza na mikutano ya mikataba. Mwaka 1987 Patricia Nelson Limerick alihoji msingi wenyewe wa Turner: Magharibi ni eneo lililotekwa, likagombaniwa na watu wengi, na ugomvi huo haukukoma mwaka 1890. Pekka Hämäläinen akaja mwaka 2008 na hoja kwamba Wacomanche, wenyeji asilia wa nyanda za kusini, walikuwa dola yenye nguvu iliyowatikisa Wahispania na Wamexico, hoja ambayo bado inajadiliwa.

Mwaka una faida nyingine. Barua za Soule na Cramer ziliibuka tena mwaka 2000. Mwandishi wa 1975 hawezi kulaumiwa kwa kutozitumia, lakini wa 2015 anaweza.

Hatua ya 4: Ifuate ardhi

Hapa ndipo vitabu vingi vizuri huteleza, kwa hiyo nenda polepole. Kila mwandishi anapotaja mji, shamba, reli au mgodi, uliza ardhi ile ilitoka mikononi mwa nani, kwa karatasi gani, mwaka gani.

Kwa Sand Creek karatasi zipo. Mkataba wa Fort Laramie wa 1851 uliitambua kuwa ya Wacheyenne na Waarapaho nchi kubwa kati ya mto North Platte na mto Arkansas. Dhahabu ikapatikana Colorado mwaka 1858, watu wakamiminika kwa maelfu, na Denver ikaota katikati ya ardhi hiyohiyo. Mwaka 1861, huko Fort Wise, wakuu wachache walitia alama kwenye mkataba uliowaachia takriban sehemu moja ya 13 ya eneo la awali. Wacheyenne wengi waliukataa, wakisema waliotia alama hawakuwa na mamlaka ya kugawa nchi. Miaka mitatu baadaye ndiyo Sand Creek. Mwandishi anayekupa mfululizo huu anakueleza historia. Anayeanza na asubuhi ya Novemba anakupa mkasa.

Maandishi ya mikataba hii yalikusanywa na Charles Kappler mwanzoni mwa karne ya 20, na Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma kimeyaweka mtandaoni bila malipo. Soma angalau mmoja mzima. Ninaoupenda kuufundishia ni wa Medicine Lodge, Kansas, Oktoba 1867, kwa sababu waandishi wa magazeti walikuwepo na waliandika hotuba zilizotolewa. Mmoja wao alikuwa Henry Morton Stanley, huyohuyo aliyekutana na Livingstone Ujiji mwaka 1871. Wakati ule aliliandikia gazeti la St. Louis. Satanta, mkuu wa Wakiowa, alieleza waziwazi kwamba hataki majumba yajengwe katika nchi yao. Weka hotuba yake kando ya vifungu vya mkataba na uone pengo lililopo kati ya kilichosemwa na kilichoandikwa.

Kifungu cha 12 cha mkataba huo kilisema ardhi iliyobaki haitatolewa tena bila saini za robo tatu ya wanaume wazima. Mwaka 1903, katika kesi iliyofunguliwa na Lone Wolf, mkuu wa Wakiowa, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba Bunge lina uwezo wa kuuvunja mkataba na wenyeji asilia. Kitabu kinachotaja Medicine Lodge na kunyamaza kuhusu 1903 kimekatisha habari katikati.

Hatua ya 5: Fuatilia tanbihi tatu

Chagua madai matatu yaliyokushangaza. Nenda kwenye tanbihi, kisha kitafute chanzo chenyewe. Vitabu vya zamani vimejaa kwenye Internet Archive, na magazeti ya wakati ule yamo katika hazina ya Maktaba ya Bunge la Marekani iitwayo Chronicling America. Ukikuta tanbihi inaelekeza kwenye kitabu kingine, ambacho nacho kinaelekeza kwenye kingine, bila kufika kwa shahidi, liwekee dai hilo alama ya kuuliza.

Mazungumzo yaliyowekwa ndani ya alama za kunukuu yanataka jicho kali zaidi, hasa katika vitabu kuhusu masherifu, yaani walinzi wa sheria wa Magharibi, na majambazi. Mapigano ya Tombstone, Arizona, tarehe 26 Oktoba 1881 yalidumu kama nusu dakika. Sifa kubwa aliyonayo Wyatt Earp, mmoja wa walinzi wa sheria waliopigana siku ile, ilijengwa kwa kiasi kikubwa na kitabu cha Stuart Lake cha 1931, kilichotoka Earp akiwa ameshafariki, na maneno mengi aliyowekewa mdomoni ni ya Lake.

Hatua ya 6: Waulizie wasioonekana

Hatua hii ni fupi. Rudi kwenye faharasa utafute Wachina, Wamarekani weusi, Wamexico na wanawake. Reli ya Central Pacific, iliyokutana na Union Pacific huko Utah tarehe 10 Mei 1869, ilijengwa kwa sehemu kubwa na maelfu ya vibarua wa Kichina. Mji wa Nicodemus, Kansas, ulianzishwa mwaka 1877 na watu weusi waliotoka utumwani. Kitabu cha jumla kisicho na nafasi kwa hawa kinasimulia Magharibi ya watu wachache.

Hatua ya 7: Kisomeshe na mpinzani wake

Usikiache hata kitabu unachokubaliana nacho kikae peke yake. Dee Brown anaumiza moyo na anastahili kusomwa, lakini anamalizia na mauaji ya Wounded Knee ya Desemba 1890, na wasomaji wengi wametoka humo wakidhani wenyeji asilia waliishia pale. David Treuer, Mwojibwe, alimjibu mwaka 2019 kwa kitabu kizima kuhusu maisha yao tangu siku ile hadi leo. Visome kwa kufuatana.

Hatua ya 8: Andika kadi ya kitabu

Ukurasa mmoja unatosha: mwaka wa chapa ya kwanza, jina na idadi alizotumia kwa Sand Creek, mashahidi aliowasikiliza, mahali ardhi ilipotajwa au kuachwa, matokeo ya tanbihi tatu, na sentensi mbili za hukumu yako. Andika pia kitabu kinafaa kwa kazi gani. Roosevelt hanifai kwa kuwajua Wacheyenne, lakini ananifaa sana kwa kujua tabaka lake liliwaza nini.

Ukishapima vitabu vichache hivi, chagua tukio la pili la aina nyingine, ili mizani isielemee upande mmoja. Kwa vitabu vya migodi na reli tumia Rock Springs, Wyoming, tarehe 2 Septemba 1885, wachimbaji wazungu walipoua Wachina wasiopungua 28 na kuchoma makazi yao. Walionusurika waliandika maelezo yao kwa balozi mdogo wa China mjini New York, na maelezo hayo yanasomeka hadi leo. Anza nayo kabla ya kugusa ripoti ya kampuni.