Kunakili diski ya kielelezo (ushahidi wa kesi) bila kuiharibu

Hakikisha kibali cha upekuzi kinataja vifaa vya kielektroniki. Baada ya hapo, kosa linaloumiza zaidi ni kukuta kompyuta imezimwa, ukaiwasha "kuona kuna nini". Windows ikiwaka tu huandika kumbukumbu zake na kubadili tarehe za mafaili. Iliyozimwa ibaki imezimwa.

Inayowaka usikimbilie kuizima. Piga picha ya skrini, kisha andika saa inayoonyesha kando ya saa halisi; tofauti ya dakika 7 tu itakuvurugia mpangilio wa matukio. Chukua kwanza yaliyomo kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, maana umeme ukikatika yamekwenda. Angalia kama diski inalindwa na BitLocker, mfumo wa Windows wa kufunga diski kwa msimbo. Kama inalindwa, nakili data papo hapo au hifadhi ufunguo wake wa akiba wenye tarakimu 48. Ukizima bila ufunguo huo, huenda usiifungue tena.

Kunakili sasa. Chomoa diski, andika modeli na namba yake, uiunganishe kupitia kizuizi cha kuandika, yaani kifaa kinachopitisha usomaji peke yake. Usiichomeke moja kwa moja: Windows huweza kuiandikia bila wewe kugusa kitu. Diski ya kupokea iwe na nafasi ya kutosha na iwe imejazwa sifuri mwanzo hadi mwisho, mabaki ya kesi nyingine yasichanganyike. Nakili sekta kwa sekta, yaani kila kipande kidogo cha diski. Kuburuta mafaili hakutoshi, kwani yaliyofutwa hukaa katika nafasi ambazo mfumo unaziona tupu. TB 1 kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde huchukua karibu saa 3, bado uhakiki.

Diski ikiwa na sekta mbovu, amri ya dd ya kawaida, ya kunakili diski kwenye Linux, hukwama kwenye kosa la kwanza. Tumia programu ya ddrescue: huvuna kwanza yanayosomeka kirahisi, ndipo irudie magumu, na huandika ramani ya yaliyoshindikana. Ramani hiyo iambatanishwe na ripoti.

Kisha heshi, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye data yote, kama alama yake ya kidole; SHA-256 ni aina mojawapo. Piga SHA-256 ya diski asilia na ya nakala, ulinganishe herufi na tarakimu zote 64, si nne za mwanzo. Biti moja ikibadilika, mfuatano mzima hugeuka.

SSD, diski isiyo na sahani zinazozunguka, ina tabia yake, na hapa wengi hunaswa. Faili likifutwa, mfumo huiarifu SSD kwa amri ya TRIM kwamba nafasi yake haitumiki tena. Kidhibiti cha ndani huweza kusafisha nafasi hizo kila kinapopata umeme, hata nyuma ya kizuizi. Heshi ya leo na ya kesho zinaweza kutofautiana bila mtu kuchezea. Kwa hiyo inakili mapema, piga heshi wakati huohuo wa kunakili, na ueleze jambo hili kwenye ripoti kabla wakili hajaliuliza.

Toa nakala ya pili kutoka ya kwanza, uchunguze hiyo. Asilia irudi kwenye mfuko wenye lakiri, na kila anayeipokea ajaze fomu ya makabidhiano: jina, tarehe, saa, sababu, sahihi, namba ya lakiri iliyokatwa na ya mpya.