Pikipiki kubwa ya zamani inawayawaya? Pita hizi hatua kabla hujanunua dampa ya usukani

Wadau wenye machuma ya safari ya zamani, Honda ST1100, Honda Gold Wing GL1500 na ndugu zao, hii yenu. Zikishazeeka zinaanza tabia mbili. Moja ni usukani kutetemeka ukiachia mafuta, spidi ikiwa inashuka toka 80 kwenda 60 hivi. Nyingine ni chuma kizima kuwayawaya taratibu kuanzia nyuma ukikimbia, hasa ukipakia mzigo. Sasa watu wengi wanakimbilia dampa ya usukani, kile kishokapu kidogo cha kuzuia usukani usitetemeke. Dampa inaficha ugonjwa tu, beringi iliyokufa inabaki imekufa. Nenda kwa mpangilio huu, vya bei rahisi viko mbele, na ukimaliza kimoja endesha kwanza ndo uguse kingine, la sivyo hutajua kipi kimekusaidia.

Hatua ya 1: tairi na upepo

Pima upepo asubuhi tairi zikiwa za baridi, sio umetoka Mbezi mpaka Posta juani ndo unapima, na tumia geji yako maana geji za kwa mafundi pancha kila moja ina ukweli wake. ST1100 ni PSI 36 mbele na 42 nyuma, kwa pikipiki nyingine soma kitabu chake. Alafu angalia ubavuni mwa tairi, kwenye maandishi ya DOT, mwishoni kuna namba nne: 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Tairi za mtumba unaweza kukuta zina meno mazuri kabisa ila mpira umeshakuwa mgumu, hizo achana nazo hata ukipewa bure. Na kama safari zako ni za Barabara ya Morogoro, ile kunyooka tu mpaka Chalinze, tairi la nyuma linalika katikati linakuwa bapa, ukilaza kwenye kona linagoma kisha linaanguka ghafla. Hapo hakuna ufundi, badilisha. Saizi usibadilishe, tairi pana zaidi linapendeza kwenye picha tu, kwenye kona linakusumbua.

Hatua ya 2: beringi za shingo ya usukani

Hapa ndo penyewe, mana Dar matuta na mashimo yote yanapiga hapa. Simamisha kwenye dabo stendi, weka jeki na kipande cha ubao chini ya injini mpaka tairi la mbele liwe hewani. Zungusha usukani polepole kwa vidole viwili toka kushoto kwenda kulia. Ukisikia katikati kuna kama kishimo usukani unataka kukaa hapo wenyewe, gololi zimeshachimba vikombe (zile ringi za chuma zinamozunguka), usidanganywe kwamba ukikaza zitapona, ukikaza unapata pikipiki ambayo haitaki kwenda mbele imenyooka. Baada ya hapo kaa mbele, shika miguu ya shokapu kwa chini, vuta na sukuma. Ikigonga ko ko ko, zimelegea.

Kubadilisha badilisha zote, juu na chini, pamoja na vikombe vyake. Vikombe vya zamani vigongwe kwa chuma laini kama shaba, huku na huku, visitoke upande. Vipya vilaze kwenye friza usiku mzima vitaingia bila vita. Mimi napendelea beringi za rola zilizochongoka kuliko za gololi, kwa sababu rola inabeba mzigo kwenye mstari mzima na gololi inabeba kwenye nukta, so mashimo yetu haziyaogopi sana. Jaza grisi ya kuzuia maji, kaza, zungusha mara kadhaa zikae, legeza, kaza tena kwa kipimo cha kitabu. Ukishatembea kama kilomita 1000 rudi ukague, lazima zitakuwa zimekaa kidogo.

Na tafadhali waambie vijana wa kuosha wasipige presha pale shingoni wala kwenye rimu. Maji yanasukuma grisi nje, chumvi ya pwani inamalizia.

Hatua ya 3: nyuma

Shika tairi la nyuma kushoto na kulia, sukuma huku na huku. Likicheza, angalia kama ule mkono unaobeba tairi unatembea pale ulipofungwa kwenye fremu, hiyo ndo sababu kubwa ya kule kuwayawaya kwa nyuma. Ukilishika juu na chini likacheza, shuku beringi za rimu.

Hatua ya 4: shokapu

Za mbele badilisha oyili (10W inatosha kwa nyingi), pima kimo chake springi zikiwa nje na shokapu limebonyezwa mpaka mwisho, miguu yote miwili sawasawa. Ukirudisha tairi usikaze zile boliti ndogo zinazobana ekseli mwanzoni: kaza ekseli kwanza, kisha bonyeza mbele kwa nguvu mara kadhaa miguu ijipange, ndo ukaze. Ni bure na inatibu pikipiki nyingi kuliko unavyodhani. BMW R1100RT haihusiki sana hapa, mbele yake imejengwa kwa mfumo wa Telelever, shokapu kweli ni moja lipo katikati.

Ukikaa juu na mzigo wako wa kawaida, shokapu izame kama theluthi moja ya safari yake ya kupanda na kushuka. Ukipakia mama watoto na mabegi kaza springi ya nyuma, la sivyo mkia unashuka, mbele panakuwa pepesi.

Hatua ya 5: mzigo

Vizito viende kwenye maboksi ya pembeni, chini na karibu na wewe. Lile boksi la juu nyuma ya ekseli weka koti la mvua na mikate, sio tulboksi.

Hatua ya 6: kujaribu

Jumapili alfajiri, Barabara ya Bagamoyo ukishapita Bunju, shika usukani kilegevu ila usiachie. Ikianza kuwayawaya usikamate breki ya mbele, punguza mafuta taratibu, legeza mabega. Upepo wa kusi ukiwa mkali usihukumu kitu, rudi siku nyingine.

Ukimaliza yote na bado miguu ya mbele inajipinda, hasa Gold Wing za miaka ya 80 zenye shokapu nyembamba, hapo nunua kile chuma cha kuunganisha miguu miwili. Dampa ukiitaka bado, sawa, hela ni yako.