Lamineti kwenye besimenti: shughulika na zege kwanza

Hapa Minnesota, Marekani, nyumba nyingi zina besimenti, yaani vyumba vya chini ya ardhi, na Waswahili wenzangu wakishanunua nyumba tu, simu zinaanza: fundi, nataka lamineti, zile mbao za sakafu za kuchomekana, kule chini, watoto wapate pa kuchezea msimu wa baridi. Kupanga mbao ni kazi ya wikiendi. Shughuli iko kwenye zege. Limekalia udongo, na unyevu hulipanda hata uso wake ukiwa mkavu. Lamineti nayo ndani ni unga wa mbao ulioshindiliwa. Ukinywa maji huvimba, na ukishavimba haurudi.

Kwa hiyo pima. Bandika kipande cha nailoni, kama nusu mita kila upande, kizibe kwa tepu pande zote, ukiache siku mbili. Ukikuta matone chini yake, au zege limegeuka rangi, usinunue kitu. Toka nje uangalie gata za paa zinamwaga wapi. Mara nyingi ni pale pale mguuni mwa ukuta. Mimi hupenda kupima Aprili, theluji inapoyeyuka, kwani Januari ardhi imeganda na zege linaweza kukudanganya. Penye ufa unaotoa maji, achana na lamineti.

Zege likipita mtihani, lilazie rula ndefu. Ndani ya mita 3 bonde lisizidi milimita 5 hivi. Vilima visage, mabonde yajaze mchanganyiko wa kusawazishia. Ukiruka hapa, mbao zitabonyea kila ukikanyaga mpaka ndimi zake za kuchomekana ubavuni zikatike.

Maboksi yalaze humo chumbani saa 48 kabla ya kuyafungua.

Tandaza nailoni ya milimita 0.15, vipande vipishane sentimita 20, piga tepu. Juu yake sponji ya kulalia mbao, tabaka moja tu. Wapo wanaoweka mbili wakidhani wanaongeza ulaini, wanaharibu.

Pima upana wa chumba mapema. Ukiona mstari wa mwisho utabaki chini ya sentimita 5, punguza ule wa kwanza. Chomeka kabari uache milimita 10 ukutani, na kuzunguka nguzo za chuma pia, maana huko ndiko watu husahau. Sakafu hii haishikwi na gundi wala msumari. Hutanuka kiangazi na kusinyaa wakati wa baridi, ikikosa nafasi inanyanyuka katikati. Viungio vya mistari miwili viachane sentimita 30 au zaidi. Mlangoni, kata fremu chini kwa msumeno ubao uingie chini yake.

Skatingi, ule ubao wa kuficha nafasi ya ukutani, ipigwe ukutani, kamwe isipigwe sakafuni.

Na mama akija kutoka nyumbani, mwonyeshe kitambaa kilichokamuliwa vizuri kabla hajaitafuta ndoo. Deki ya maji kwa lamineti ni marufuku.