Somo: Kuzamia kwenye meli iliyozama, kwa sisi tunaoishi Nairobi

Wanakikundi, tangu nirudi Mombasa mmenijaza maswali, basi leo namwaga yote. Naanza na safari ya kurudi, maana hapo ndipo sisi watu wa bara huumia.

Hatua ya 1: Panga siku ya kurudi kwanza. Ukiwa chini, naitrojeni ya hewa unayovuta hupenya damuni na misulini kwa mgandamizo wa maji, na kutoka kwake ni polepole. Ukipanda juu mapema, hutoka kwa mapovu kama soda iliyotikiswa. Mzamiaji wa Mombasa akitoka majini analala palepale usawa wa bahari. Wewe kitanda chako kiko mita 1,700 hivi juu, karibu sawa na hali ya ndani ya ndege iliyo angani. Kwa hiyo hata ukipanda treni, fuata kanuni ya ndege: mzamio mmoja, ngoja angalau saa 12, mizamio kadhaa, saa 18. Mimi humaliza Jumamosi asubuhi, nikapanda treni Jumapili alasiri. Jumamosi jioni ni ya viazi karai.

Hatua ya 2: Cheti cha kuzamia. Mazoezi ya bwawani yanapatikana hapahapa Nairobi. Mizamio minne ya mwisho unaifanyia Pwani.

Hatua ya 3: Chagua meli. Wengi hukimbilia MV Dania, meli ya kubeba mifugo iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 iwe makao ya samaki. Tamu, lakini imekalia mchanga wa mita 30 hivi, na cheti cha kwanza kinaishia mita 18. Anza na ya mita 10 hadi 15, tena msimu wa kaskazi, maji yakiwa maangavu. Akitokea mtu wa kukupeleka kwenye Santo António de Tanna, ile meli ya Wareno iliyozama mwaka 1697 mbele ya Fort Jesus, mkwepe. Hayo ni mabaki ya kale, yanalindwa na sheria.

Hatua ya 4: Kushuka. Shika kamba. Kila mita moja ziba pua, puliza taratibu hadi masikio yafunguke. Yakiuma, rudi juu kidogo. Kwenye mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya juu, na hewa inaisha mara mbili upesi. Mara yangu ya kwanza geji ya hewa ya mtungi ilitoka bar 200 ikafika 120 ningali naishangaa nanga, nikihema kama mtu anayefukuza matatu. Ikifika 100, geuza.

Hatua ya 5: Usiingie ndani. Chuma kilicholiwa na kutu hukata kama wembe, na pezi likigusa sakafu mara moja tu, tope linafumka huoni mlango. Raha iko nje. Kwenye dirisha moja nilimkuta chewa mkubwa, kajaza fremu yote, ananitazama kama kondakta anayedaiwa chenji.

Hatua ya 6: Kupanda. Usizidi mita 9 kwa dakika, usibane pumzi kamwe, na utue dakika 3 kwenye mita 5.

Maswali

*Wa Rongai: Sijui kuogelea. Jaketi si litanibeba?*
Kozi nyingi zitakutaka uogelee mita 200 na uelee dakika 10. Jifunze kwanza, ndugu yangu.

*Wa Kasarani: Na nikirudi kwa gari nimefunga vioo?*
Vioo havizuii mwinuko. Ukifika Voi tu umeshapita mita 500.

*Wa Umoja: Nina mafua kidogo, nimeze dawa nizamie?*
Hapana. Dawa ikiisha nguvu ukiwa chini, hewa inanaswa masikioni wakati wa kupanda.

*Wa Lang'ata: Je, viungo vikianza kuuma nikiwa nimeshafika nyumbani?*
Huenda ni yale mapovu ya naitrojeni. Usimeze panadol ukalala. Nenda hospitali usiku huohuo, uombe oksijeni, na umwambie daktari mapema kwamba ulizamia, kina gani na saa ngapi. Asipoambiwa, atakupima malaria.