Mwiko wa ugali: tazama nyuzi kwanza

Unayechonga mwiko wa kuuza, kabla hujashika tezo geuza kipande cha mti utazame nyuzi zinaelekea wapi. Zikienda sambamba na mpini mwanzo hadi mwisho, endelea. Zikiukata kwa mshazari, mwiko utavunjikia shingoni siku ugali wa watu kumi utakapokaza. Miwili yangu ya kwanza iliishia hivyo, na mteja hakurudi.

Mwembe unafaa sana: unachongeka, hauna harufu ya kukera, na hupatikana mtaani mtu akiangusha mti uliochoka kuzaa. Ukaushe kivulini, juani utapasuka. Msonobari achana nao, ni laini na una utomvu. Zile mbao za kijani kijani zilizotiwa dawa ya mchwa usiziingize jikoni hata ukipewa bure. Dawa ile ni sumu.

Kwenye umbo, kona za chini zifuate mviringo wa sufuria, la sivyo ugali unabaki pembeni ukiungua. Mpini uwe na umbo la yai ukiukata, usije ukazunguka mkononi.

Msasa: namba 80, kisha 120. Halafu lowesha mwiko kwa maji, uache ukauke. Utaona vinyweleo vimesimama kama ndevu za juzi. Hapo ndipo unapitisha 240. Malizia na mafuta ya nazi kidogo, ufute yanayobaki juu. Vanishi hapana, hubanduka na kuingia chakulani.