Kutoka doria za wanyamapori hadi uzamivu wa barafuto za kale: anza na ramani moja

Aliyezoea kuhesabu tembo tayari ana GPS, takwimu na uzoefu wa kambi. Pengo ni jiolojia, na msimamizi wa uzamivu (PhD) haridhishwi na maneno. Mpelekee ramani.

Hatua ya 1: swali. "Barafu ya Kilimanjaro inayeyuka" si swali. Uliza barafuto (mito ya barafu) za Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, ziliwahi kushuka hadi mwinuko gani, na lini. Barafu iliyochimbwa kileleni mwaka 2000 ilikadiriwa kufika miaka 11,700. Moreni za chini, yale matuta ya mawe yaliyoachwa na barafu, zinarudi nyuma zaidi.

Hatua ya 2: mbinu ya umri. Beriliamu-10, atomi zinazojikusanya kwenye jiwe tangu barafu ilipoliacha wazi, hupimwa kwenye madini ya kwatzi. Kwenye milima ya Rwenzori kwatzi ipo, lava ya Kibo haina. Huko Kibo tumia klorini-36, inayofanya kazi hiyo hiyo bila kwatzi. Ukikosea hapa kwenye andiko, msomaji anakuacha.

Hatua ya 3: chora moreni kwa QGIS, programu ya ramani ya bure. Leseni ya programu ya kulipia inabaki ofisini siku unayoacha kazi, kwa hiyo usiizoee.

Hapa ndipo siku nzima hupotea. Ramani za zamani za 1:50,000, zile zinazokaa kwenye makabati ya ofisi nyingi hapa Dar, zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa majira ya ramani. GPS yako ya doria inasoma mfumo mwingine, WGS 84. Namba zinafanana kiasi cha kukudanganya, lakini ukiichukulia ramani hiyo kama WGS 84, moreni inasogea karibu mita 300, hasa kaskazini. Kwa tembo si neno. Kwa tuta lenye upana wa mita 40 umechora bonde jingine. Kwenye QGIS kila mfumo una namba ya EPSG: ramani ipe EPSG:21037, pointi za GPS zikiwa za UTM (majira ya mita) ni EPSG:32737. Kubadilisha jina la mfumo kwenye sifa za leya hakuhamishi chochote. Hamisha kwa kuhifadhi faili jipya. QGIS ikiuliza njia ya kubadilisha, usibonyeze tu "sawa": chagua inayotaja Tanzania. Kisha hakiki kwa ukingo wa kreta, ambao unaonekana kwenye ramani na kwenye picha ya setilaiti.

Hatua ya 4: vibali, COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TANAPA (hifadhi za taifa). Njia hiyo unaijua.

Hatua ya 5: barua pepe. Aya tatu, ramani moja ya PDF. Kwenye wasifu usiandike "nilishiriki doria". Andika pointi ngapi, kifaa gani, kosa la mita ngapi.