Somo: Kukagua ombi la hataza ya dawa ya maji, hatua kwa hatua

Chukua chupa ya nevirapini ya watoto, dawa ya kupambana na VVU. Aliyewahi kufanya kazi kliniki ya mama na mtoto anaijua: dawa nyeupe ya maji, miligramu 50 katika kila mililita 5, na lebo inayosema "tikisa kabla ya kutumia". Maneno hayo manne ndiyo somo letu leo. Kampuni ya Ujerumani, Boehringer Ingelheim, iliomba hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi peke yake kwa muda, juu ya chupa hiyo. Marekani ikaitoa, namba 6,172,059, mwaka 2001. India ikaikataa mwezi Juni 2008. Chupa moja, majibu mawili. Tutapita njia anayopita mkaguzi wa hataza tuone njia panda iko wapi.

Hatua ya 1: Elewa chupa kabla ya kusoma madai

Wanaoanza hukimbilia madai, yaani ile orodha yenye namba mwishoni mwa hati inayoeleza mwombaji anataka kumiliki nini hasa. Madai yameandikwa na wakili. Kabla hujamsikiliza wakili, jiulize swali la mfamasia: maji yameleta shida gani humu ndani?

Nevirapini haipendi maji. Katika maji ya kawaida yasiyo na uchachu, mililita moja inayeyusha kama miligramu 0.1 tu. Lakini chupa yetu ina miligramu 10 kwa mililita. Maana yake karibu dawa yote haijayeyuka; inaelea kama vumbi laini, ndiyo sababu tunatikisa. Usipotikisa, mtoto wa kwanza atapewa maji ya sukari na wa mwisho atapewa dozi ya watoto wote.

Shida ya pili imejificha zaidi. Ukitia nevirapini kavu kwenye maji, polepole inanyonya maji na kujipanga upya kuwa fuwele za aina nyingine, ambamo kila molekuli mbili za dawa zimeshika molekuli moja ya maji. Aina hiyo huitwa nevirapini hemihaidreti. Umewahi kuona asali ikiganda chembechembe kwenye mtungi? Ni jambo la ukoo mmoja: glukosi iliyomo kwenye asali inashika maji na kutulia kama fuwele. Kwenye asali hakuna hasara. Kwenye dawa, fuwele zikikua zinazama haraka na umbo lake linabadilika chupa ikiwa rafuni, na dawa uliyoipima kiwandani siyo tena inayomfikia mtoto.

Suluhisho la mwombaji: usianze na kavu, anza na hemihaidreti yenyewe, iliyokwisha kushiba maji. Haitabadilika tena. Mimi nilipolisoma mara ya kwanza nilisema, hawa watu wana akili. Bado nasema hivyo. Ila kuwa na akili na kustahili hataza ni vitu viwili.

Hatua ya 2: Vunja dai la kwanza vipande vipande

Dai kuu, kwa maneno yangu: dawa ya maji yenye (a) nevirapini hemihaidreti, (b) inayoelea katika maji, (c) chembe zake zikiwa kati ya maikroni 1 na 150 hivi (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Andika kila kipande kwenye mstari wake. Ladha, sukari, parabeni za kuzuia ukungu, kaboma ya kuongeza uzito ili chembe zisizame haraka, polisobati ya kuzilowanisha: vyote vimo kwenye dawa inayouzwa, lakini usivichanganye na kiini cha dai.

Sasa tazama kipande (c). Unywele wa binadamu una unene wa maikroni 70 hivi. Kwa hiyo masafa haya yanaanzia unga laini kabisa hadi chembe nene kuliko unywele. Masafa mapana namna hiyo yanakutaka uulize: yanazuia nini? Kama karibu kila kinu cha dawa kingekupa ukubwa huo bila kukusudia, namba imewekwa kama pambo. Mwombaji mwenye hoja ya kweli huonyesha jedwali: chini ya kiwango hiki ilishindikana hivi, juu yake ilishindikana vile. Jedwali lisipokuwepo, andika kwenye daftari lako na uendelee.

Hatua ya 3: Tarehe

Hapa ndipo mimi mwenyewe niliumbuka, kwa hiyo nitakaa kidogo. Nilipokuwa najifunza kazi hii nilitafuta machapisho ya kupinga ombi hili, nikakumbuka utafiti maarufu wa HIVNET 012, wa kuzuia mama asimwambukize mtoto VVU, uliofanyika Kampala, hospitali ya Mulago. Mama alipewa kidonge kimoja cha nevirapini cha miligramu 200 uchungu ulipoanza, mtoto akapewa dawa ya maji, miligramu 2 kwa kila kilo, ndani ya saa 72. Maambukizi kwa watoto walipofika wiki 14 hadi 16 yalikuwa asilimia 13.1, dhidi ya 25.1 kwa waliopewa zidovudini, dawa nyingine ya VVU. Nikafurahi: dawa ya maji imeshatumika Afrika Mashariki, upya (sharti kwamba kitu kisiwe kimefichuliwa kabla) umekwisha! Nikaandika kurasa mbili.

Matokeo yale yalichapishwa 1999. Ombi lilitegemea tarehe ya kipaumbele, yaani tarehe ya ombi lake la kwanza kabisa, ya 1997. Chapisho la mwaka 1999 haliwezi kuua upya wa 1997, hata likiwa zuri namna gani. Kurasa zangu mbili zikaishia kufungia maandazi.

Kwa hiyo: tarehe ya kipaumbele iandike juu kabisa kwa kalamu nyekundu, kisha kila hati unayoipata uipime nayo. Zilizopita mtihani huo hapa ni chache lakini zina nguvu. Molekuli ya nevirapini yenyewe ilishafichuliwa. Hataza yake Marekani ilitoka 1994. Vidonge viliidhinishwa huko Juni 1996. Na tabia ya dawa kavu kunyonya maji na kugeuka ilikuwa imejaa vitabuni: dawa za theofilini na kabamazepini ni mifano ambayo wanafunzi wa famasia wameipigia mitihani kwa miongo.

Hatua ya 4: Je, ni upya? Je, kuna hatua ya uvumbuzi?

Upya unapita haraka. Kama hakuna hati moja iliyo na (a), (b) na (c) pamoja kabla ya tarehe, dai ni jipya. Usiunganishe hati mbili kuvunja upya. Kosa hilo ni la kawaida mno.

Hatua ya uvumbuzi, yaani kwamba jambo lisiwe dhahiri kwa mtaalamu wa kawaida, ndiyo yenye jasho. Mfikirie mtaalamu wa kawaida wa kutengeneza dawa, mwaka 1997. Ana kidonge. Ameambiwa atengeneze dawa ya watoto wachanga wasiomeza vidonge. Anajua haiyeyuki, basi atafanya dawa ya kuelea. Anaitia majini, siku chache baadaye anaangalia kwa darubini, anaona fuwele nyingine. Anazipima, anakuta ni hemihaidreti. Je, angefikiria kuanza nayo? Maoni yangu: ndiyo, tena wiki hiyohiyo. Lakini mkaguzi mwingine anaweza kusema haikujulikana kwamba hemihaidreti ingetulia na kufyonzwa mwilini vizuri. Wakaguzi waaminifu hutofautiana hapa.

Hatua ya 5: Geuza ukurasa wa sheria ya nchi

Njia panda yetu iko hapa. India haikuwa ikitoa hataza za dawa zenyewe hadi 1 Januari 2005. Maombi yaliyowasilishwa kabla yaliwekwa kapuni yakisubiri. Ombi letu, lililowasilishwa India mwaka 1998, lilikuwa mojawapo. Bunge lilipofungua mlango mwaka 2005 liliweka komeo, kifungu cha 3(d): umbo jipya la kitu kilichokwisha kujulikana si uvumbuzi, mpaka uonyeshe kwamba ufanisi wake umeongezeka. Mahakama Kuu ya Madras ikafafanua mwaka 2007 kwamba ufanisi ni ule wa kuponya, na Mahakama ya Juu ikalithibitisha tarehe 1 Aprili 2013 katika kesi ya kampuni ya dawa ya Novartis.

Rudi sasa kwenye chupa. Hemihaidreti ni umbo la nevirapini. Faida iliyoonyeshwa ni kutulia kwenye chupa. Je, inaua virusi vizuri kuliko nevirapini iliyokuwepo? Hakuna aliyeonyesha hivyo. Dawa inayokaa vizuri rafuni ni jambo jema kwa mwenye duka, lakini kwa sheria ya India halikumpa mgonjwa nguvu mpya ya dawa.

Na nani aliyeibua hoja hizi? Sheria ile, kifungu cha 25(1), inaruhusu mtu yeyote kupinga kabla hataza haijatolewa. Mwaka 2006 waliopinga walikuwa watu wanaoishi na VVU wenyewe, kupitia mitandao yao, ukiwemo wa akina mama. Mkaguzi akapata mezani hoja za wanaoijua dawa kwa kuinywa.

Maswali ya wanachama wanaofuata somo hili

*Mfamasia, Mwanza: Nikiongeza kitu kipya kwenye dawa ya maji, tuseme ladha ya embe au kihifadhi kingine, je, si mchanganyiko mpya?*

Mpya ndiyo, uvumbuzi huenda si. India ina kifungu cha 3(e): mchanganyiko ambao kila kiungo kinafanya kazi yake ileile ya zamani haustahili. Embe inatia ladha, kihifadhi kinahifadhi, dawa inatibu. Ukionyesha viwili vikikutana vinafanya jambo ambalo kila kimoja peke yake hakiwezi, hapo tuzungumze, na uje na namba.

*Mwanafunzi wa sheria, Nairobi: Umesema mtaalamu angefanya "wiki hiyohiyo". Huoni unasema hivyo kwa sababu tayari unajua jibu?*

Umenikamata pazuri. Kitendawili kikishateguliwa, kila mtu alikuwa anakijua. Dawa yake ni kuandika shida bila kuchungulia suluhisho, kisha kutafuta hati ya kabla ya tarehe inayomsukuma mtaalamu upande ule. Mkaguzi anayesema "ni dhahiri" bila kitabu wala ukurasa, ripoti yake itarudi.

*Mwanachama wa Dodoma: Na sisi Tanzania? Tunaweza kukataa kama India?*

Kuna milango miwili. Ombi linaweza kuja moja kwa moja BRELA, wakala wetu wa usajili, au kupitia ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la miliki ubunifu, kule Harare, ambako linakaguliwa mara moja kwa nchi zilizotajwa. Nchi ikiona halifuati sheria yake ina miezi sita kusema hapana. Ukikaa kimya miezi sita, hataza inakuhusu. Tena nchi zenye maendeleo duni zaidi, Tanzania na Uganda zikiwemo, zimeruhusiwa na Shirika la Biashara Duniani kutotoa hataza za dawa hadi 1 Januari 2033. Ruhusa hiyo haijiendeshi yenyewe. Inabidi iandikwe katika sheria ya nchi, kama Uganda ilivyofanya katika sheria yake ya 2014.

*Yule wa Nairobi tena: Kenya je?*

Kenya haimo katika kundi hilo, kwa hiyo msamaha wa 2033 hauihusu. Silaha yake ni nyingine: sheria ya 2001, kifungu cha 58(2), inaruhusu kuagiza dawa iliyokwisha kuuzwa kihalali nchi nyingine.

*Mwanachama wa Tanga: Samahani ndugu, lakini bila hataza nani atahangaika kutengeneza dawa za watoto? Watoto hawana hela.*

Swali la haki. Ila angalia mpangilio: molekuli ilikuwa na hataza yake, Marekani, tangu 1994. Hapa tunazungumzia kufuli la pili juu ya mlango uleule. Mimi ningependa kazi ya dawa za watoto ilipwe, na kuna namna nyingine za kuilipia. Kuilipa kwa miaka 20 ya kumiliki chupa, kwangu ni bei kubwa. Tunaweza kutofautiana.

*Muuguzi, Kampala: India ingekubali, hataza ingeisha lini?*

Miaka 20 huhesabiwa tangu kuwasilisha ombi, si tangu kutolewa hataza. Ombi la India ni la 1998. Ingedumu hadi 2018.